Barua kwa wanakikundi wenzangu: yule binti hakutupa mtoto

Dada zangu, wifi zangu, nanyi wanangu wa kikundi chetu cha vicoba,

Jumamosi iliyopita tulimaliza hesabu za hisa mapema, na muda uliobaki wote tukautumia kumchambua binti wa mwenzetu, aliyeamua kumtoa mwanawe aasiliwe, yaani awe mtoto wa familia nyingine kisheria. Mimi nilinyamaza. Kwa umri wangu ukinyamaza watu hudhani umesinzia. Sikusinzia. Nilisikia "amemtupa mtoto" mara nyingi kuliko nilivyosikia "marejesho", ndiyo maana naandika.

Nimekuwa mkunga miaka 34, na mtoto aliyetupwa namjua. Niliwahi kumpokea mmoja aliyeokotwa jalalani, kaviringishwa kwenye mfuko wa rambo, kitovu kimekatwa na wala hakikufungwa. Huyo ndiye aliyetupwa. Huyu binti wa miaka 17 alihudhuria kliniki, akajifungulia kituo cha afya, akamnyonyesha mwanawe, na kwa kinywa chake mwenyewe akaomba aitiwe afisa ustawi wa jamii. Tusiite mambo mawili kwa jina moja.

Mnauliza yeye na wazazi wake wamelipwa shilingi ngapi. Jamani! Kuuza mtoto ni jinai, na kuasili si jambo la kumalizana uani. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ya hapa kwetu Tanzania, anayeamua ni Mahakama Kuu. Ustawi wanachunguza nyumba ya waombaji, na mwombaji, au mmoja wao wakiwa mume na mke, awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Amri ikitoka, mtoto ni wao kama wamemzaa. Hilo ni zito, na binti analijua, maana nilikuwepo alipoelezwa. Aliuliza swali moja tu: "Jina nililompa watalibadilisha?" Akaambiwa huenda. Akakaa kimya muda mrefu, anakunja na kukunjua pindo la khanga.

Nyumbani kwao mnakujua. Mama yake anaamka saa tisa usiku kukanda maandazi. Bibi yuko kitandani kwa kiharusi, na wadogo wengine watatu wanasubiri ada za mitihani na sare. Na aliyempa mimba pia mnamjua, pikipiki yake inapita hapo hapo tunapokalia. Tangu 2016 sheria inasema miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi, lakini Jumamosi ile jina lake halikutajwa hata mara moja. Nilihesabu.

Sasa niwaambie ambalo wengi wenu hamlijui. Mwanangu wa kwanza, mnayemwona akija Pasaka na gari lake, nilimzaa nikiwa na miaka 18. Mama yangu akamchukua, mimi nikarudi kusoma. Aliniita "dada" mpaka alipofika darasa la sita, ndipo shangazi mmoja akamwambia ukweli kwenye msiba, mbele za watu. Miaka miwili hakuzungumza nami. Lakini hakuna aliyesema nimemtupa. Walisema amelelewa na bibi yake. Mimi nilikuwa na mama mwenye nguvu na shamba la mpunga. Huyu hana bibi wa kumbeba mtoto, akatafuta mikono mingine, sisi tukampa jina baya.

Sisemi kila binti afanye hivi. Wapo niliowazalisha wakiwa na umri huo, wakalea, wakalea vizuri. Na mzazi anayemlazimisha binti atoe mtoto ili kuficha aibu, huyo nitagombana naye mimi mwenyewe. Ila huyu hakulazimishwa. Msimwendee na maneno ya "ningekuwa mimi", wala msimshinikize abadili mawazo. Akiyabadili mwenyewe kabla ya amri kutoka, aende Ustawi na mahakamani akaseme, si kwetu.

Shule pia iacheni iwe yake. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua kurudi darasani, na yeye anataka kurudi. Wenye watoto shule ile, semeni nao kabla hawajamzomea.

Juzi nilipita kwao. Nilimkuta uani amejifunga khanga kifuani, imekazwa mpaka anapumua kwa shida, na bado imelowa mbele. Maziwa hayajui habari za mahakama. Nilimwonyesha namna ya kukamua kidogo tu apate nafuu, na kitambaa cha maji baridi. Nikamuuliza nani amekuja kumwona tangu ajifungue. Akasema wamekuja wengi, wameuliza mtoto yuko wapi, wakaondoka.

Uji wa uzazi hakuna aliyempelekea. Kwa hiyo Jumamosi hii baada ya marejesho nitapika uji wa pilipili manga, niujaze chupa ile kubwa ya chai. Nitakuwa pale kwa muuza mkaa saa kumi jioni. Anayetaka kufuatana nami aje na sukari.

Mimi mzee wenu, Bibi Mkunga