Barua kwa Mwanaisha: Chuo Alichosoma Wangari Maathai

Nyeri,
Jumapili jioni

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi, na Mungu akuzidishie afya wewe na jamaa wote wa huko Kisauni. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wasichana wako wa kidato cha tatu wanaandaa maonyesho kuhusu Wangari Maathai. Unasema wamekwama mahali pamoja: wamesoma kwamba alipata shahada yake ya kwanza Mount St. Scholastica College, huko Kansas, lakini wakikitafuta chuo hicho wanapelekwa kwenye kingine, Benedictine College, chenye wavulana na wasichana. Hawakukosea. Chuo cha Wangari hakipo tena tangu mwaka 1971, na mimi naona kinastahili zaidi ya mstari mmoja chini ya picha yake.

Kilianzishwa na masista wa Kibenediktini, yaani watawa Wakatoliki wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Saba kati yao walitoka St. Cloud, Minnesota, wakafika mji mdogo wa Atchison, kando ya mto Missouri, Novemba 1863. Hebu fikiria wakati wenyewe. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Ng'ambo ya mto, jimbo la Missouri bado lilikuwa na watumwa. Agosti ya mwaka uleule, wapiganaji wa upande wa Kusini walikuwa wameuchoma mji wa Lawrence, si mbali na hapo, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150. Katikati ya hofu hiyo masista hao wakafungua shule ya wasichana tarehe 1 Desemba, wakaanza na wanafunzi 44. Shirika lao lenyewe lilikuwa geni Marekani, kwa maana masista wake wa kwanza waliwasili kutoka Eichstätt, Bavaria, mwaka 1852 tu.

Mwaka 1877 walinunua kiwanja upande wa kusini wa mji, wakahamia huko. Kufikia chuo kikuu kuliwachukua muda mrefu. Shule yao ilipata kitengo cha chuo cha miaka miwili mwaka 1924, na mwaka 1932 kikawa chuo kamili cha kutoa shahada. Angalia mwaka huo: uchumi wa Marekani umeporomoka, watu hawana kazi, na watawa wanaongeza madarasa ya wanawake! Waliamini kwamba msichana asome kwa mapana, yaani falsafa, teolojia, fasihi, lugha, muziki na sayansi, kabla ya kuamua atafanya kazi gani.

Hapo ndipo ningependa wasichana wako watulie kidogo. Katika chuo kile, msichana alimkuta mwanamke kila mahali penye uamuzi. Mkuu wa chuo alikuwa sista. Walioshika fedha walikuwa masista, na maabarani pia walikuwemo. Miaka ile vyuo vingi vya Marekani vilikuwa na wanaume watupu katika nafasi hizo. Sisi tuliosomea shule za wasichana tunajua maana ya kumwona mwanamke akiamua jambo na likafanyika, pasipo mtu kushangaa.

Hata mtakatifu waliyekipa chuo jina lake alifaa. Skolastika alikuwa dada wa Benedikto, na Papa Gregori Mkuu ndiye aliyetuachia kisa chao. Walikutana mara moja kwa mwaka. Mara ya mwisho dada alimsihi kaka yake wakeshe wakizungumza habari za Mungu, kaka akakataa kwa sababu kanuni haikuruhusu kulala nje ya monasteri. Skolastika akainamisha kichwa akasali, na mvua ikanyesha kwa kishindo hata Benedikto asiweze kutoka mlangoni. Alipolalamika, dada alimjibu kwamba amemwomba yeye hakusikiliza, amemwomba Mungu amesikia. Nakipenda kisa hiki mno. Wasimulie wasichana, kisha waulize kinawakumbusha nani aliyesimama mwaka 1989 kuzuia lile jengo refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi.

Sasa Wangari mwenyewe. Alizaliwa Ihithe, si mbali na hapa ninapoandikia, akalelewa kimasomo na masista tangu utoto: kwanza Mathari, kisha Loreto Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Septemba 1960 aliondoka na wanafunzi wa Kenya karibu 300 katika zile safari za ndege za kwenda kusoma Marekani alizohangaikia mwanasiasa wetu Tom Mboya, ambazo mwaka huo wakfu wa familia ya Kennedy ulizichangia dola 100,000. Kutoka New York walisafiri kwa basi. Njiani, katika jimbo la Indiana, waliingia mgahawani kutafuta kinywaji wakaambiwa hawawezi kuketi ndani, kwa sababu ya rangi yao. Ndivyo Marekani ilivyompokea. Kansas kwenyewe ndiko ilikoanzia kesi ya shule za Topeka, ambayo mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Chuoni alipata makaribisho mengine kabisa. Alijulikana kama Mary Jo, akasoma biolojia, akaongeza kemia na Kijerumani. Usikipuuze Kijerumani hicho, kilimfaa baadaye alipokwenda kufanya utafiti Ujerumani. Alikuwa bado Kansas Rais Kennedy alipouawa Novemba 1963, na Kenya ilipojitawala Desemba iliyofuata alikuwa mbali na nyumbani. Alihitimu mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili.

Inaniudhi tunapoisimulia safari yake kana kwamba ndege peke yake ndiyo iliyomwelimisha. Kennedy tunamtaja, Mboya tunamtaja, ni haki yao. Lakini miaka minne ya kumfundisha ilikuwa kazi ya wanawake ambao majina yao hatuyatamki, katika mji ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani.

Basi kwa nini kilikufa? Mji uleule ulikuwa na chuo cha wanaume, St. Benedict's, cha wamonaki wa shirika lilelile. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vyuo vya wanaume vilikuwa vikifungulia wanawake milango, wasichana walioingia utawani walipungua, na gharama zilipanda. Tarehe 1 Julai 1971 viwili hivyo vikaungana, vikawa Benedictine College. Ilikuwa kama ndoa: kwa sheria wote wawili ni sawa, lakini jina likaegemea kwa bwana, na baada ya miaka kadhaa masomo yote yakahamia upande wake wa mji. Siwalaumu walioamua, huenda bila hivyo vyote viwili vingefungwa. Hata hivyo naona kuna kitu wanawake walipoteza, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi mbele ya wasichana wenu.

Monasteri ya masista iko palepale kusini mwa mji, nao wanaendelea na sala na kazi. Waambie wasichana waandike jina la zamani la chuo kwa ukamilifu, waweke 1863 na 1971 kando yake, na chini yake Benedictine College kama mrithi. Ramani ya Kansas ninayo, nitaituma kwa basi la Ijumaa pamoja na kile kitabu chako. Nijulishe maonyesho ni tarehe gani, nikipata ruhusa nitashuka Mombasa.

Wasalimie Mama na watoto.

Rafiki yako,
Wanjiku