Barua ya malalamiko: betri na stata zilizouzwa, waya haukupimwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni.

Malindi,
Mei 2025.

Ndugu Meneja,

MINT: KUUZIWA BETRI NA STATA KWA HITILAFU YA WAYA WA ETHI, NA KUNYIMWA DHAMANA KWA KISINGIZIO CHA UKUUKUU WA GARI

Sisi ni mafundi wa umeme wa magari hapa Malindi. Tunaandika kwa niaba ya mteja wenu mwenye Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, ambaye ametukabidhi risiti zenu pamoja na vipuri vyote alivyonunua. Gari lake lilikuwa gumu kuwaka asubuhi. Tawi lenu la hapa lilimuuzia betri mpya ya NS60, gari likawaka vizuri siku tisa, kisha likarudia hali ile ile. Akauziwa stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Haikusaidia hata siku moja. Aliporudi mara ya tatu aliambiwa gari ni kuukuu, na kwamba dhamana ya miezi 12 haiyahusu magari yaliyopita miaka 15.

Tumelipima gari hilo. Ubovu wote ulikuwa kwenye waya mmoja usiofika nusu mita, ule wa ethi, yaani waya mnene unaotoka kwenye nguzo hasi ya betri na kufungwa kwenye giaboksi ili umeme upate njia ya kurudi. Kwa macho waya ule ulionekana mzima, plastiki yake nyeusi haina hata mkwaruzo. Tulipoipasua kwa kisu, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani kuanzia kwenye taminali (kibano cha chuma kwenye ncha ya waya) hadi karibu sentimita 12 ndani, na nyuzi nyingi zilikatika kwa kuguswa kwa kucha tu.

Hapa Pwani jambo hili si geni. Upepo wa kusi unaleta unyevu wenye chumvi kila siku kwa miezi, na chumvi hiyo hupenya kwenye ncha ya waya pale ulipobanwa na taminali, kisha ikapanda ndani polepole kama mafuta yanavyopanda utambi. Magari yanayofanya safari za Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi huoza nyaya upesi zaidi. Kampuni inayouza betri mjini Malindi ilipaswa kulijua hili kabla ya jambo lolote lingine.

Tunaeleza vipimo kwa kirefu kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha kosa lilikotokea, na kwa sababu mhudumu wenu alituambia kwamba aliupima waya ule kwa mita na mita ikapiga kengele, kwa hiyo waya ni mzima. Kengele ya mita hupitisha mkondo mdogo mno. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuipigisha. Stata ya gari hili huvuta karibu ampea 140, na kwa mkondo huo ukinzani wa omu 0.0114 tu unakula volti 1.6. Mita ya kawaida haiwezi kuuona ukinzani mdogo hivyo. Lazima waya upimwe ukiwa umebeba mzigo.

Kipimo chenyewe huchukua dakika tano. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, yaani risasi ya katikati, wala si taminali iliyoikumbatia, maana huenda ubovu uko kati ya hivyo viwili. Mwenzako apige stata kwa sekunde tano. Mita isizidi volti 0.2. Halafu upande wa chanya: nyekundu kwenye nguzo chanya, nyeusi kwenye bolti nene ya stata, piga stata tena, isizidi 0.5. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na kila baada ya hapo iache ipoe angalau nusu dakika.

Kwenye gari hili upande wa chanya ulisoma 0.3, ambayo haina neno. Upande wa ethi ulisoma 1.6. Betri ilikuwa inatoa volti 10.6 wakati wa kupiga stata, kwa hiyo stata ilibakiwa na 8.7 tu, na ndiyo maana ilizunguka kwa kuburura. Tulifunga waya mpya wa milimita mraba 25, tukasugua giaboksi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu. Ethi ikasoma 0.1. Volti ya betri wakati wa stata ilishuka kidogo, hadi 10.3, na hilo ni sawa kabisa: njia imefunguka, stata inavuta mkondo wake kamili. Stata ikapata 9.9. Injini ilishika kabla ya mzunguko wa tatu. Tulirudisha pia stata yake ya zamani, ile mliyosema imekufa, na inafanya kazi hadi leo.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo mtu yeyote angeiona angalau kwa kugusa. Kila stata ilipopigwa mara mbili tatu, kebo ya ekseleta ilikuwa inapata moto. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri kupitia waya wa ethi, hutafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na kebo ya ekseleta ndiyo iliyokuwa karibu. Plastiki ya ndani ya kebo hiyo imeanza kuyeyuka na sasa inakwama. Hasara hiyo nayo imetokana na kupiga stata wiki kadhaa bila kupima.

Kwa nini basi betri mpya ilisaidia siku tisa? Betri mpya, hata ikiwa haijajaa, husukuma kwa nguvu hata penye ukinzani. Lakini waya ule ule ndio unaopitisha chaji ya kurudi. Altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, imefungwa kwenye injini, na mkondo wote wa taa, feni na kuchaji betri unarudi kwake kupitia ethi hiyo. Tulisoma volti 14.1 kwenye altaneta na 13.5 kwenye betri, taa na feni zikiwa zimewashwa. Kwa safari fupi za Maweni hadi sokoni na kurudi, betri haijai kamwe, na betri isiyojaa hufanya salfeti ngumu nyeupe kwenye bamba zake. Betri mliyouza imeharibiwa na hitilafu ambayo nyinyi wenyewe mliipita bila kuiona.

Kuna suala la betri yenyewe pia. Mteja alitujia nayo siku ile ile aliyoinunua, kabla hajaifunga, ikasoma volti 12.2. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu, kwenye 12.2 ni nusu, na kwenye 12.0 ni kama robo. Kwa hiyo aliuziwa betri yenye nusu ya chaji kwa bei kamili. Betri zenu zimepangwa chini ya bati, mchana kutwa kwenye joto, na betri hujimaliza yenyewe upesi zaidi kadiri joto linavyopanda. Hatusemi mzihifadhi kwenye barafu. Tunasema zipimwe kila mwezi, ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe, na ile iliyokaa muda mrefu isiuzwe kama mpya.

Kile kipima betri cha mkononi mnachotumia dukani hakina ubaya, ila kinataka kuambiwa ukweli. Mhudumu aliingiza uwezo wa kuwasha gari (CCA) wa ampea 500 kwa betri ya zamani ambayo kibandiko chake kinasema 330, kikaandika ibadilishwe. Ukikidanganya kuhusu uwezo wa betri, nacho kitakudanganya kuhusu hali yake. Tena betri ya zamani ilipimwa ikiwa imeishiwa chaji. Kwanza huchajiwa hadi ijae, huachwa itulie saa kadhaa, ndipo hupimwa. Hatuwezi sasa kujua kama betri ile ilikuwa mbovu kweli, kwa sababu mliichukua.

Tunalalamikia vilevile karatasi mnayowapa wateja yenye kichwa cha gari lisilowaka. Inasema mtu abadilishe betri, ikishindikana stata, ikishindikana altaneta, ikishindikana pampu ya petroli. Huo ni mpangilio wa rafu za duka. Gari husema lenyewe lilipoumia, na anayesikiliza hahitaji kununua chochote kwanza. Likitoa mlio wa tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zikififia, umeme haufiki wa kutosha: ni chaji ya betri, taminali au nyaya. Likitoa tik moja nzito na taa zikabaki kuwaka, mara nyingi ni shaba za mguso ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme) ya stata, hasa kwenye stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi. Shaba hizo mbili hubadilishwa peke yake na stata ikarudi kazini. Likikaa kimya kabisa, angalia fyuzi, swichi ya ufunguo, na kwa gari la otomatiki jaribu kupiga stata gia ikiwa kwenye N badala ya P.

Na stata ikizunguka kwa kasi yake lakini injini haishiki, hapo betri na stata zimekwisha kuondoka kwenye mashaka. Tafuta cheche na petroli. Waya wa plagi kwenye injini hizi usizidi kilo-omu 25, na kifuniko cha distributa (kigawa cheche kwa plagi) kiangaliwe ndani kama kina ufa au unga mweupe, hasa gari likiwa gumu asubuhi za mvua na kupona jua likipanda. Presha ya petroli inatakiwa iwe kati ya baa 2.7 na 3.0, na injini ikizimwa ibaki juu ya baa 1.5 kwa dakika tano. Isipobaki, gari litahitaji stata ndefu kila likikaa, ingawa pampu ni nzima. Mhudumu wenu alimwambia mteja pampu imekufa kwa kuwa haikuvuma ufunguo ulipowashwa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 pampu haivumi hadi injini ianze kuzungushwa. Laiti mteja angekubali siku ile, angelipia kipuri cha tatu.

Karatasi hiyo hiyo inashauri kupima altaneta kwa kufungua taminali hasi injini ikiwa inanguruma. Tunawaomba muiondoe sentensi hiyo leo, kabla ya mengine yote. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti hupaa na zinaweza kuua daiodi za altaneta au kompyuta ya injini, na cheche karibu na betri iliyokuwa ikichajiwa inaweza kulipua gesi ya haidrojeni usoni mwa mtu. Altaneta hupimwa kwa mita, injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati: 13.8 hadi 14.4 kwenye nguzo za betri. Hakuna cha kufunguliwa.

Tukirudi kwenye jibu mlilompa mteja: betri haijui gari limetoka kiwandani mwaka gani. Inajua volti, mkondo na joto. Kama kuna kikomo cha miaka kwenye dhamana, kiandikwe kwenye risiti na mnunuzi aambiwe kabla ya kutoa pesa. Risiti yake inasema miezi 12 tu, bila sharti lolote. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi alichonunua.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo ndani ya siku 14. Mteja arudishiwe bei yote ya stata, ambayo tumeiosha na iko tayari kurudishwa. Betri ichajiwe polepole kwa ampea 4 hadi ijae, itulie usiku mmoja, kisha ipimwe kwa mzigo mbele ya mteja. Ikishuka chini ya volti 9.6 ndani ya sekunde 15, apewe nyingine iliyojaa. Gharama ya kebo ya ekseleta ilipwe na tawi. Na mhudumu wa tawi afundishwe kile kipimo cha ethi na cha chanya, kifanywe kabla ya kuuza stata yoyote. Tuko radhi kumwonyesha wenyewe, bila malipo, siku yoyote atakayochagua.

Waya ule wa zamani tumeufunga pamoja na barua hii. Tumeupasua kwa urefu wake wote, tukaacha taminali ikiwa bado imeshika. Ukunjeni kidogo karibu na taminali, juu ya karatasi nyeupe.

Wenu,
Mafundi wa umeme wa magari,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.