Usikiache kikombe, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Huku Pangani sote wazima, namshukuru Mungu. Shangazi yako kaniambia majirani wanakusema: eti mjamzito gani kila asubuhi yuko Muhimbili anakunywa kikombe cha methadoni, hiyo dawa ya kuachia heroini, eti unamlewesha mtoto tumboni. Na wewe umeanza kuwaza kuacha. Nakuomba usiache.

Siku ile tulipokwenda wote kliniki nilimsikiliza sana yule nesi. Ukiikata ghafla, arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, itakupata wewe na mtoto, na mimba inaweza kutoka. Arosto hiyohiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye unga wa heroini. Alisema pia kwamba mimba ikiwa kubwa mwili huimaliza dawa haraka. Basi ukianza kuamka na jasho, miayo na mafua, usinyamaze, mwambie daktari. Kuongezewa dozi si kurudi nyuma. Hao wanaokusema hawakukuona ulivyokuwa kule maskani, mimi nilikuona.

Mtoto akizaliwa anaweza kutetemeka na kulia sana siku za mwanzo. Usishtuke wala usijilaumu. Hali hiyo inatibika, ila uwaambie wauguzi mapema unatumia dawa gani. Wako kina mama wanaoficha kwa aibu, mtoto akahangaika na hakuna anayejua kwa nini. Na umnyonyeshe, maadamu hujagusa unga na daktari hajakukataza. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

Mimi vidonge vya sukari nameza kila siku, na hakuna jirani aliyewahi kuniuliza nitaviacha lini.

Huduma ya methadoni ipo Muhimbili tangu 2011, na bado uliona mwenyewe foleni ilivyojaa wanaume. Wanawake wanaotumia unga wapo, ila mwanamke akishaitwa teja hata ndugu humkimbia, na wengine kete za unga wanapewa na bwana wanayeishi naye. Atatokaje? Wewe ulitoka, mama. Kwangu hilo ni kubwa mno.

Nauli ya daladala nitakutumia kila Jumapili. Mwezi wako ukikaribia nitakuja, nikae mpaka arobaini iishe, na zaidi ukinihitaji. Asubuhi nitabaki na mtoto, wewe uende ukanywe dawa yako.

Kadi ya wajawazito na kadi ya methadoni ziweke kwenye mkoba mmoja. Uchungu ukianza usiku, asahau mtu kila kitu ila mkoba huo.

Akupendaye,
Mama