Jumamosi: tukutane kwa simba wa Michigan Avenue

Wadau wa Chicago mambo vipi, wakubwa shikamooni. Kama tulivyokubaliana Jumamosi tunaenda Art Institute, lile jumba la makumbusho ya sanaa, tukutane nje pale kwenye wale simba wa shaba saa tano asubuhi, na robo tunaingia, atakayechelewa atatukuta ndani jamani siwezi kusubiri mtu kwenye baridi hii. Mabegi makubwa acheni nyumbani, flashi zimeni.

Ila sitaki tukimbizane ukumbi hadi ukumbi tupige selfi basi tuondoke. Tunaanza na ile picha ya mchoraji Caillebotte, mtaa wa Paris siku ya mvua, ya 1877, zaidi ya mita mbili kwenda juu yani watu wa mle ndani wanakaribia ukubwa wetu. Sasa cheki, hakuna hata tone moja la mvua limechorwa! Mvua unaijua kwa miavuli na yale mawe ya barabarani yanavyong'aa. Halafu yule jamaa wa kulia kakatwa nusu na fremu kama picha ya simu iliyopigwa haraka, na dada mwenye shela usoni ana hereni hiyo, sogeeni muione, msiguse tu.

Kisha mchoraji Monet, picha zake za marundo ya ngano za 1890 na 1891, hapo rudini nyuma hatua kadhaa maana kwa karibu ni rangi zimepakwapakwa tu. Rundo lilelile, jua ndo limebadilika. Renoir tukipata muda, mi binafsi hanikoshi kivile.

Wenye watoto semeni mapema, msosi tutaamua hukohuko.