Uwiano wa nguvu kati ya aina za wahusika
Ndugu wanakikundi, kabla hatujachagua mchezo wa kampeni ijayo, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, naomba tuupime uwiano huu kwa makini. Katika toleo la tatu la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, mchawi huanza akiwa dhaifu, lakini kadiri anavyopanda ngazi humwacha mpiganaji mbali, kwa kuwa yeye huruka, hutoweka na kuita viumbe, ilhali mwenzake huongeza mapigo ya upanga tu. Toleo la nne, la 2008, liliwapa wote mbinu za muundo mmoja, na kwa maoni yangu ladha ikapungua. Mchezo mwingine wa aina hiyo, Pathfinder toleo la pili, humpa kila mchezaji vitendo vitatu kwa zamu, na uchawi mwingi hugharimu viwili, naupendekeza huo. Tafadhali leteni hoja zenu kabla ya kikao.