Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Watumishi wa Wakala

Ndugu wanachama,

Mengi mnayajua. Mei Mosi tuliandamana, misiba mitano tulichangia, fulana zilichelewa lakini zilifika. Wanachama 214, waliomaliza ada 83, akiba benki shilingi 3,160,000, deni la fulana 450,000. Maelezo zaidi anayo Mhazini. Mimi niende kwenye lile linalosemwa kwenye korido.

Inasemwa niliwatosa wenzetu wanne walioachishwa kazi baada ya muundo mpya, kwa kuwa nilikataa chama kulipia kesi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi chini ya sheria za kazi. Ni kweli nilikataa, na leo ningekataa tena. Sheria ya Wakala za Serikali, Na. 30 ya 1997, ndiyo iliyompa Mtendaji Mkuu nafasi ya kuendesha mambo ya watumishi bila kungoja wizara kwa kila kitu. Wengi wetu tulipohamia huku tulifurahia uhuru huo, tukidhani utaleta posho tu. Lakini Wakala haukugeuka kampuni. Sisi bado ni watumishi wa umma, na tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia za humo humo, yaani rufaa Tume ya Utumishi wa Umma na hatimaye kwa Rais, ndipo aguse sheria za kazi. Tungekwenda Tume ya Usuluhishi mlikotaka, pingamizi la awali, yaani hoja kwamba kesi haipaswi hata kusikilizwa pale, lingetutoa mlangoni, na muda wa rufaa ungekuwa umekwisha. Wakili naye alitaka 2,000,000 kabla hajafungua jalada.

Rufaa zote nne niliziandika mwenyewe, usiku, kwa kompyuta yangu na umeme wangu. Mbili zimejibiwa: mwenzetu mmoja amerudi kazini, mmoja ameshindwa. Zilizobaki tunasubiri. Sidai shukrani, ila kuitwa "mtu wa menejimenti" baada ya hapo, hapana.

Wapo wanaodai hawakushirikishwa. Kamati ya Utendaji ilipiga kura, 4 kwa 3, na muhtasari upo. Kisha niliita mkutano wa dharura. Akidi ni watu 72. Walikuja 19, mmoja wao mlinzi aliyeleta funguo. Nilikaa pale mpaka saa kumi na mbili jioni nikitazama viti. Na nikipitia daftari la ada, ya shilingi 2,000 tu kwa mwezi, naona majina ya wanaolalamika sana hayajatiwa alama tangu Januari. Siwataji, wanajijua.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kumpata mwanasheria wa kudumu, na lile suala la ofisi tutaendelea kulifuatilia.

Mhazini amekaa karibu na mlango akiwa na kitabu cha stakabadhi. Atakuwepo mpaka saa kumi.