Usiiache sauti njiani, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, Langoni, Lamu. Sote tu wazima, alhamdulillahi. Babako ameshaiambia baraza nzima kwamba Ijumaa utaimba taarabu uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome. Mimi tangu nipate habari usingizi ni wa mang'amung'amu, furaha upande huu na hofu upande huu. Hofu ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mashairi umeyahifadhi, najua. Juzi kwenye simu ule ubeti wa pili uliuvuta hadi nikauweka mwiko chini nikusikilize. Hapo sina neno. Ninachokuogopea ni mchana wa siku yenyewe, kwa kuwa mimi sauti haikunipotea jukwaani. Ilinipotea mchana; jukwaani nilikwenda kuukuta msiba tu.

Hili sijawahi kukusimulia. Ilikuwa harusi Shela, wewe hujazaliwa. Nilifika asubuhi nikaingia jikoni, kwenye moshi wa kuni, nikikoroga pilau, nikipiga vigelegele kila mgeni alipoingia, nikiwapigia kelele watoto waliokuwa wakikimbizana uani. Maji sikunywa hadi jioni. Usiku nikapewa maiki. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili nikahisi mchanga kooni. Wa tatu, pale pa kupanda, nilifungua kinywa ikatoka pumzi tupu. Udi ukaendelea, ngoma ya dumbaki ikaendelea, wanawake wakaniitikia kibwagizo mara mbili, mara tatu, kwa huruma, nami nimesimama na noti nilizotunzwa mkononi, nazionea haya. Juma zima nikawa nanong'ona nikidhani napumzisha koo, mpaka daktari aliponieleza kuwa kunong'ona nako kunachosha. Anayetaka kupumzisha sauti anyamaze kabisa.

Basi sikiliza. Umewaona vijana wa matari pale msikiti wa Riyadha, Mfungo Sita, wakati wa Maulidi. Hakuna anayepiga tari lililolala. Hulikanza motoni, ngozi ikakaza, wakaligonga kwa kidole kulisikiliza, wakalirudisha motoni tena, ndipo wakaanza. Koo lako ni hivyo hivyo. Ijumaa baada ya Alasiri ingia chumba cha ndani, uvume mdomo umefumba, chini chini, mpaka usikie mtetemo puani na midomoni. Kisha tetemesha midomo kama mtoto anayeiga injini ya boti, ukipanda na kushuka taratibu. Robo saa yatosha, na baada ya Isha rudia kidogo. Wimbo mzima usiuimbe. Huo waachie watu.

Maji anza kunywa tangu Alhamisi, kidogo kidogo. Watakuletea asali, tangawizi, ndimu. Pokea na ushukuru, ni mapenzi hayo, lakini ujue kwamba unachokimeza hupita njia ya chakula, hakizigusi nyuzi za sauti. Maji huzifikia kwa kuzunguka mwilini kwanza, na hilo huchukua muda. Chupa utakayoigugumia ukiwa unapanda jukwaani ni ya kulainisha ulimi tu. Na biriani utakula ukishaimba. Tumbo likijaa pumzi haina pa kukaa, na kiungulia huchoma koo.

Hiyo pumzi sasa. Mshororo wako una vipande viwili, mizani nane kwa nane. Pumua kwenye kina cha kati, si katikati ya neno. Kwenye mazoezi unapumua popote kwa sababu hakuna wa kukubabaisha. Siku hiyo watapanda kukutunza, noti zinapepea mbele ya macho yako, huyu anakukumbatia, yule anakuchekea kwa furaha, na pumzi isiyopangiwa mahali pake hupotea hapo hapo. Chukua kalamu, utie alama kwenye daftari kila unapopumua, halafu umwambie nduguyo akupepee karatasi usoni huku unaimba. Mimi nilifanyiwa hivyo na marehemu mamangu.

Mitambo ijaribiwe kabla ya Magharibi. Mwombe fundi akuwekee spika ndogo inayokuelekea wewe, kwani usipojisikia utapiga kelele, na kuta za ngome huirudisha sauti imechelewa. Ukiifuata hiyo utatoka kwenye mwendo. Kichwa cha maiki usikifumbate, wala usikielekeze kwenye spika, italia ukelele mkali. Mpiga udi akianza taksimu, ule utangulizi anaoupiga peke yake, usiangalie watu. Sikiliza, hapo ndipo anapokuonyesha maqamu, yaani ngazi ya sauti ya wimbo, na pa kuingilia.

Safari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kutoka Mombasa ni kutwa ndani ya basi, watu wanazungumza kushinda redio, kisha boti, na kwenye boti mtu hasemi ila kwa kupaza sauti juu ya injini. Na wote wanakujua. Watakuuliza habari za Mombasa, za masomo, za posa. Jifunge mtandio shingoni, uwaitikie kwa mkono kifuani na tabasamu. Atakayeona umejivuna mwache kwangu, nitakwenda kwake mwenyewe nimweleze.

Ukifika Mokowe, pale pa kupandia boti, usinipigie kuzungumza. Acha simu ilie mara moja, ukate. Nitashuka jetini kukungoja, na chupa ya maji nitakuja nayo.

Mamako